Pikipiki Hii Haitakuwa Sufuria

Mukipita mbele ya baraza yangu munacheka. Ninaona. Munasema, "Nkambo Ilunga, babu yule, angali anapiga tupa vyuma vya Waingereza." Chekeni, batoto, meno ni yenu. Lakini mukimaliza kucheka kaeni hapa chini, niwaambie ile pikipiki inayosimama kwenye mlango wa Mama Salima iliamkaje, na kwa nini hakuna mtu mtaani anayethubutu tena kuiita mitraille, chuma cha kutupa.

Mimi kazi yangu ilikuwa ajisteri wa shemadefere, yaani reli, hapa hapa depo ya Kamina, miaka yote ya nguvu zangu. Ajisteri ndiye, au kwetu njo, mtu anayefanya chuma kimoja kipatane na kingine, kwa tupa, kwa jicho na kwa kichwa kigumu. Kiswahili nitajaribu kusema kile cha shule, Kiswahili bora, lakini kitanishinda njiani, munanijua. Na wengine nitawaacha waseme vile wanasemaka.

Mama Salima ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Wazee wake walitoka Maniema, watu wa biashara na wa msikiti. Sisi ni Waluba wa reli na wa kanisa. Lakini chumvi tumeombana tangu watoto wetu hawajaota meno. Mume wake, marehemu Ramazani, aliinunua ile pikipiki kwa mumisioneri mmoja Mwingereza aliyeileta kwa treni kutoka Rodezia mbele ya uhuru. Ramazani alikuwa akifunga nyuma vitambaa na chumvi, anaenda Kaniama, anarudi na mahindi. Macho yake yalipoanza kumwacha, Mama Salima alijifunga kitambaa kichwani, akakaa mbele yeye mwenyewe, na mume akakaa nyuma. Mji mzima ulicheka. Yeye aliendelea kwenda Kaniama. Kisha pyesi, vipuri vyake, zikakosekana, Ramazani akafa, na pikipiki ikalala ndani ya stoo chini ya magunia, miaka ambayo mimi sitaki kuihesabu.

Sasa, siku moja ya Idi, mtoto wake Amisi alikuja kutoka Lubumbashi. Amisi si mtoto mbaya, na nisisikie mtu akimtukana. Anauza simu kule, ana nyumba, ana hofu. Msimu ule wa mvua mama yake alikuwa ameanguka karibu na kisima, akakaa chini kwenye matope mpaka wapita njia wakamwona. Mtoto akisikia habari hiyo akiwa mbali, usingizi atautoa wapi? Basi tulipokuwa tunakula pilau, wazee wa msikiti na sisi majirani, Amisi akasema, "Mama, inatosha. Tunaenda Lubumbashi. Hii nyumba tutapangisha. Na ile mitraille ya papa tutamupa ule wa masufuria."

Ule wa masufuria munamjua. Anayeyusha alumini nyuma ya soko, anaimwaga ndani ya mchanga, inatoka sufuria. Injini ya ile pikipiki ilikuwa na alumini nzuri, naye alikuwa ameshapita mara nyingi na gunia lake, anasalimia sana, anauliza habari ya afya.

Mama Salima alijibu bila kuinua macho. "Ile haiko mitraille. Ile inalala."

Amisi akacheka. "Inalala? Basi mama, siku itaamuka na kulia, njo siku nitakuacha ukae Kamina mupaka Mungu akuite. Nasema mbele ya wazee!"

Watu wote wakacheka, isipokuwa mzee mmoja wa msikiti. Huyo alifuta mkono wake, akasema, "Tumesikia."

Hapa kwetu ukisema neno mbele ya wazee, nao wakajibu "tumesikia", neno hilo si lako tena. Muluba anajua hivyo, Muislamu anajua hivyo, na hata mwanajeshi wa Base, kambi yetu ya jeshi, anajua. Amisi alikuwa amesahau, maana Lubumbashi watu wanasema maneno na kuendelea na safari. Na neno linafunga pande zote mbili: kama pikipiki haitalia, mama atapanda treni. Yeye mwenyewe alikubali, mbele ya wale wale. Amisi akaondoka, akasema atarudi kumchukua mvua zikiisha.

Kesho yake asubuhi Mama Salima alinikuta hapa barazani.

"Papa Ilunga, weye njo ulikuwa unafufua dresini za shemadefere?"

"Njo miye." Dresini ni vile vigari vidogo vya motere vya kukagua njia ya reli. Nimefufua nyingi.

"Basi fufua hii."

Nilimwambia ukweli. "Mama, mikono yangu inatetemeka."

"Na miye miguu. Kila muntu atetemeke yake. Kuya tu."

Nilienda. Na nitawaambia kwa nini nilienda haraka. Watoto wangu wako Kolwezi, na kila Jumapili wananipigia simu: "Papa, kuya upumzike." Kupumzika nini? Nani amesema nimechoka? Wanataka kuniweka kwenye kiti mbele ya televizio, niwe kama radio iliyokwisha pili, yale mawe yake. Nilikuwa na hasira ile ndani ya tumbo kwa muda mrefu, na Mama Salima alinipa mahali pa kuiweka.

Tulipotoa magunia, niliona kwanza kazi ya mjinga. Fundi mekanisie fulani alikuwa ameshajaribu zamani, na karibu kila buloni, yaani bolti, alikuwa ameila kichwa, imekuwa duara. Sasa sikilizeni, maana hapa njo wengi wenu munaharibu. Mwingereza wa zamani hakupima kwa milimita. Ufunguo wa kumi na tatu hauingii kwenye buloni yake, na wa kumi na nne unacheza. Kijana anasema, "Unaingia!" anavuta kwa nguvu, *krrr*, kichwa cha buloni kimekwisha. Mubelgiji alitufundisha milimita, Muchina anatuletea milimita, basi tunafikiri dunia nzima ni milimita.

Mimi nilifundishwa na Papa Mutombo, shefu wangu pale depo, mtu mfupi mwenye sauti ya honi. Kulikuwa na pampu moja ya Kiingereza, na funguo zake Papa Mutombo alizipaka rangi nyekundu na kuzifunga ndani ya kitambaa peke yake. Ukizichanganya na nyingine, anakugonga kwenye vidole na rula ya chuma, anakuuliza, "Bibi aliyeolewa na jirani ni bibi yako?" Unajibu, "Hapana, shefu." Anasema, "Basi rudisha." Funguo zile nyekundu sijui ziliishia wapi. Kwa hiyo nilichukua za kumi na tatu, za zamani, za chuma kizuri, nikazipiga tupa mdomo, unywele kwa unywele, mpaka zikashika zile buloni kama zilizotengenezewa. Zile zilizokwisha vichwa nilizitolea pembe mpya kwa tupa, nikazitengenezea ufunguo mdogo wake. Munacheka kwamba napiga tupa. Njo hiyo.

Injini ilikuwa imegoma kabisa. Pisto imekamatana na silinda kwa kutu. Hapo kila mwanaume wa mtaa alikuja na dawa yake, na dawa yao wote ilikuwa marto, nyundo. "Papa, piga!" "Papa, iogopeshe kidogo!" Nilipaza sauti. Nikasema atakayegusa injini hii na marto, nitaanza na goti lake. Chuma kilichokamatana hakipigwi, kinanyweshwa. Nilitoa bujii, ile plagi ya kuwashia, nikamimina mazuti, yaani dizeli, na mafuta ya injini ndani ya tundu, nikaacha. Kesho nikaongeza. Mama Salima alikuwa anakuja na bukari, ugali wetu, na samaki wadogo ndakala wa Malemba-Nkulu, anakaa kwenye kigoda, anauliza, "Imekubali?" "Bado." "Sawa." Anakula, anaenda kuswali, anarudi, "Imekubali?"

Nilianza kuogopa, nawaambieni wazi. Mvua zilikuwa zinapungua. Ule wa masufuria naye alikuwa akipita, anatazama juu ya ukuta, anasema, "Papa Ilunga, usijichokeshe, kila kintu iko na siku yake." Nilimwambia na yeye ana siku yake na kwamba inakaribia.

Kisha nikatia vitesi ya mwisho, yaani gia kubwa kabisa, nikashika gurudumu la nyuma, nikalisukuma mbele na nyuma, polepole, mbele na nyuma. Hivyo gurudumu linabembeleza injini. Mikono ikanichoka. Mama Salima akanisogeza kando. "Toka, minabembelezaka batoto tangu zamani." Akakaa kwenye kigoda chake, akashika gurudumu, akaanza kulibembeleza huku akiimba chini chini. Mimi niliingia kunywa maji. Nilisikia *tik*, kitu kidogo sana, na yeye akaita, "Papa Ilunga! Imekubali!"

Mambo ya segma, zile pete za pisto, nitayapita haraka. Zilikuwa zimevunjika. Nilipata za injini ya mashine ya kusaga mahindi, kubwa kidogo kuliko silinda, nikazipunguza kwa tupa na kwa subira, nikavunja nyingi kuliko nilizoweka. Kumbukeni tu hili: pete ukiibana ndani ya silinda, acha midomo yake iachane kidogo, wembe mmoja upite. Ukiifunga kabisa itavimba kwa moto na itaishika silinda tena. Viungo vinavyovuja nilivikatia gaskè, zile karatasi za kuziba, kwa katoni ya sabuni. Weka katoni juu ya chuma, gonga pole pole ukingoni na kichwa cha marto kidogo, chuma chenyewe kitakukatia.

Kilichobaki kilikuwa moto, ile cheche ya bujii. Pikipiki ile haina batri. Inatengeneza moto wake yenyewe ndani ya kitu kinachoitwa manyeto, na manyeto ilikuwa imekunywa unyevu wa miaka yote ile. Jirani mwenye foru, tanuri ya mikate, akasema, "Leta tuikaushe, foru iko moto." Nilikataa mpaka akaudhika. Lakini pale depo niliona mwenzangu mmoja akiweka manyeto ndani ya foru, vernisi, ile rangi inayokinga nyaya, ikayeyuka, na Papa Mutombo akamlazimisha kuinusa kila asubuhi kabla ya kazi, mbele yetu wote, anamuuliza, "Inanukia nini?" Anajibu, "Inanukia haraka yangu, shefu." Kwa hiyo yetu niliianika juani, juu ya bati, nikiigeuza kama samaki. Nikasafisha mahali panapogusana, nikabadilisha kondensateri, kile kidude cha kutunza moto, kwa ile ya pikipiki ya Kichina. Naam, ya Kichina. Sina ugomvi na Muchina, nina ugomvi na mtu anayetupa.

Nikamwambia Mama Salima, "Shika huu waya, karibisha kwenye chuma, tuone." Nikazungusha. Yeye badala ya kushika kwenye mpira alishika kwenye shaba.

"Yooo! Mungu wangu! Imeniuma!"

Nilidhani nimemuua. Alikuwa amekaa chini, amejishika mkono, na machozi yanatoka, kumbe anacheka. "Papa Ilunga, imeniuma! Iko muzima!" Akainuka, akatoka mpaka barabarani, akawaambia watu wote kwamba pikipiki ya Ramazani imemuuma. Siku ile nilifurahi kuliko siku niliyopewa medali ya kazi, na medali yenyewe sijui iko wapi.

Juma lile lile Amisi alipiga simu: anakuja. Tukaweka esansi, yaani petroli, tukasukuma pikipiki barabarani, ikawaka kwa kusukumwa, ikatoa moshi mweupe na panya aliyekauka. Kelele! Mimi sikuweza kuikanyaga ile pedale ya kuwashia, goti langu ni la mzee, na nilipojaribu ilinirudishia teke mpaka nikaruka. Nikasema, haidhuru, tutaisukuma.

Akaja Banza, yule mutaximani wa pikipiki mwenye miwani. Banza anajua kila kitu. "Papa, acha niijaribu, miye niko shoferi toka tumbo la mama." Nilianza kumwambia, "Banza, hii ya Mwingereza iko kinyume. Vitesi kwa muguu wa kuume, freni kwa muguu wa kushoto," lakini alikuwa ameshaondoka. Alifika kwenye kona, mbuzi akavuka, Banza akakanyaga freni. Kumbe alikanyaga vitesi. Akaingia moja kwa moja kwenye mihogo ya mama mmoja iliyoanikwa juu ya turubai la plastiki, akatoka upande wa pili mweupe mwili mzima, miwani tu njo nyeusi. Yeye hakuumia. Pikipiki ilikatika kamba moja nyembamba, ile ya kamukono kadogo ka kushoto kwenye usukani, ambako mimi sikutilia maanani sana. Nikaitengeneza kwa waya wa freni ya baiskeli, kwa sababu sipendi kuacha kitu bila mwenzake. Lakini kusema nilijua vizuri kazi ya kale kamukono, sikujua.

Amisi alifika na jeep ya kukodi ya kupeleka mizigo stasio ya treni. Mama Salima alikuwa ameshafunga mabegi yake mwenyewe, ameyapanga mlangoni. Mtu wa neno. Amisi akayapakia moja moja, na cherehani, na mkeka wa kuswalia juu. Wazee wa msikiti walikuwa wamekuja, na yule aliyesema "tumesikia" alikuwa mbele. Ule wa masufuria pia alikuwepo, na gunia.

Nikasema, "Amisi, pikipiki ya papa yako iko tayari. Vijana, sukumeni."

"Hapana," akasema Amisi. "Papa Ilunga, pardon, nakuheshimu. Lakini kusukuma hapana. Ata brueti ya kubebea muchanga ukisukuma inatembea. Nilisema *itaamuka*. Muntu mwenye kuamuka anasukumwaka?"

Watu wakanung'unika, lakini nikaona mzee wa msikiti anatikisa kichwa kukubali. Kulikuwa na haki ndani ya maneno yale. Banza akajaribu kuikanyaga, ikamrudishia, akaondoka akichechemea. Mwanajeshi mmoja wa Base, mtu mnene, akajaribu, ikamtupa. Mimi nilitazama mikono yangu nikatamani kulia, nawaambia ukweli, si kwa ajili ya chuma.

Amisi akavua koti. Nadhani alitaka kumaliza jambo, mama yake asiseme baadaye kwamba yeye hakujaribu. Akapanda, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikampiga kwenye muundi wa mguu, *paa!* Akaruka na mguu mmoja, anapiga kelele.

Mama Salima alikuwa ameshakaa ndani ya jeep. Nilisikia mlango unafunguka.

"Munaipiga kwa nini?" akauliza. "Munaipiga, inawapiga. Mulidhani nini?" Akaja na fimbo yake, akasimama karibu na tanki. "Amisi. Panda."

"Mama, imenivunja muguu."

"Panda nimekuambia."

Alipanda. Mtu mwenye nyumba Lubumbashi, mwenye watoto, alipanda. Na hapo njo nilielewa ujinga wangu: nilikuwa nimeiuliza kila buloni, na sikumuuliza mtu aliyeiendesha mpaka Kaniama.

"Chokoza karburateri na kidole, mupaka esansi ikuloweshe. Njo hivyo. Sasa rudisha moto nyuma, kale kamukono kakubwa. Kanyaga polepole. Polepole, Amisi! Mupaka ikatae."

"Imekataa."

"Sasa vuta kamukono kadogo ka kushoto, uiachilie pumzi. Shuka kidogo tu. Kidogo. Achia. Rudisha muguu yako juu." Akaweka mkono wake juu ya mgongo wa mtoto. "Papa yako alikuwa anasema, hii haipigwi teke. Inasindikizwa. Sindikiza muguu mupaka chini, usimame nayo. Kwenda."

Amisi akashuka na mguu, mrefu, bila hasira.

Ikakohoa. Ikanyamaza kiasi cha kunifanya nife. Kisha: *du. Du. Du. Du-du-du-du*. Taratibu, kwa sauti nzito, vile ilivyokuwa ikisikika Ramazani anaporudi na magunia. Kuku walitawanyika. Ule wa masufuria alirudi nyuma na kukunja gunia lake. Mimi nilipiga kelele, sijui nilisema nini, mke wangu anasema nilitukana kwa Kiluba.

Amisi alikaa juu yake, mikono kwenye usukani. Mama yake akamwinamia karibu na sikio, lakini sote tulisikia, maana alipaza sauti juu ya injini.

"Nani ameiwasha?"

Amisi alitazama wazee. Alinitazama mimi. Halafu akatazama chini, kwenye mguu wake.

"Ni miye, mama."

"Tumesikia," akasema yule mzee.

Amisi aliiacha iendelee kulia. Alishuka, akaenda kwenye jeep akichechemea, akaanza kushusha mizigo. Alishusha mabegi, akashusha cherehani, hakumruhusu mtu kumsaidia. Mwisho akabaki amesimama uani na mkeka wa kuswalia mikononi, macho mekundu, na nilimwonea huruma, lakini si nyingi.

"Mama, na huu niweke wapi?"

"Pale mukeka unakaaka," akasema Mama Salima, na akanigeukia kuuliza kama esansi iliyobaki inatosha kufika Kaniama.